Kabla ya deki kulikuwa na Budding, fundi aliyetoa mashine ya nyasi kwenye kiwanda cha nguo

Ukitoka Kisauni saa kumi na mbili asubuhi ukielekea upande wa Nyali, kabla matatu hazijaanza kupigiana honi pale Kongowea, utatukuta. Tuko watatu, slasha tatu, jerikani moja ya maji na simu moja yenye salio. Tunakata nyasi kwenye kompaundi za watu. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo ndiye msomi wa kikundi. Kila kitu chenye karatasi naachiwa mimi.

Majuzi ami mmoja, fundi wa mashine, alituonyesha mashine mbili za mtumba za kukata nyasi. Si zile za kusukuma, la. Hizi ni za kazi, unakaa juu yake unaendesha kama tuktuk. Bei zilikuwa karibu sawa. Injini zote mbili ziliwaka. Tofauti ilikuwa chini, kwenye deki, lile bakuli la chuma lililopinduliwa ambalo ndani yake visu huzunguka. Moja ilikuwa nyembamba, ya mviringo, imepigwa kwa kipande kimoja cha bati. Nyingine ilikuwa nzito, ya pembe pembe, imechomelewa. Wenzangu wakaniambia: msomi, kachimbe utuambie ipi.

Nikachimba deki, nikamfukua mtu. Jina lake Edwin Beard Budding, Mwingereza, amekufa tangu 1846. Mashine yoyote ya nyasi unayoiona leo, iwe kwenye uwanja wa gofu au nje ya hoteli ya ufuoni, ukifuata ukoo wake unafika kwa huyu jamaa. Ngoja nikupe habari zake, deki tutafika.

Budding alizaliwa mwaka wa 1796 huko Eastington, kijiji cha jimbo la Gloucestershire, karibu na mji wa Stroud. Babake alikuwa mkulima mwenye shamba lake, ila Edwin alizaliwa nje ya ndoa. Kwa Uingereza ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, na hata hapa kwetu unajua watu husema nini nyuma ya mlango. Hakuenda chuo kikuu chochote. Alianza maisha akiwa seremala.

Kutoka kwa mbao akahamia chuma. Akawa fundi wa viwandani, lakini si wa kuajiriwa kiwanda kimoja. Alikuwa fundi wa kuitwa. Kinu kikiharibika, anaitwa. Gia ikivunjika, anaitwa. Wewe hapo unayerekebisha pampu leo Likoni, kesho friji Changamwe, umemwelewa tayari.

Na Stroud ilikuwa mahali pazuri pa mtu wa aina hiyo. Yale mabonde yalijaa viwanda vya nguo za sufu vinavyoendeshwa na maji ya mito. Kitambaa chekundu cha sare za wanajeshi wa Kiingereza kilikuwa kinatoka huko. Sasa, sufu ikishafumwa hubaki na manyoya manyoya juu, na tajiri hataki koti lenye manyoya. Lazima yanyolewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa mkasi, mikasi mikubwa mizito, na kazi yenyewe iliheshimika na ililipa. Kisha mashine zikaja. Kaskazini mwa Uingereza, jimbo la Yorkshire, mwaka wa 1812 wanyoaji hao waliingia viwandani usiku na nyundo wakavunja mashine. Wengine walinyongwa kwa hilo. Lakini mashine hazikurudi nyuma. Mwaka wa 1815 mtu mmoja wa Brimscombe, hapohapo karibu na Stroud, John Lewis, alisajili mashine ya kunyoa kitambaa kwa visu vilivyojipinda kuzunguka silinda. Silinda inazunguka, kisu kingine kimetulia chini yake, manyoya yanapita katikati, yanakatika. Laini kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Budding alikuwa akizunguka kwenye viwanda hivyo kila siku. Watu mamia waliiona mashine ile na wakaona kitambaa. Yeye aliona nyasi.

Mpaka hapo, bustani kubwa za Uingereza zilikatwa kwa mundu, ule wa mpini mrefu unaofagia kushoto kulia. Wakataji waliamka alfajiri manake nyasi zikiwa na umande hukatika vizuri, zikikauka zinalala chini ya kisu. Ilihitaji kikosi cha watu na mkono uliozoea. Kwa hivyo nyasi fupi na sawasawa ilikuwa anasa. Ukiwa nayo, watu walijua una pesa za kulipa watu wa kukata.

Budding akachukua ile silinda ya kiwandani, akaiweka ndani ya fremu ya chuma, akatia magurudumu. Unasukuma kutoka nyuma. Rola kubwa ya nyuma ikizunguka, gia zinapeleka nguvu mbele, na silinda inazunguka mara 16 kwa kila mzunguko mmoja wa rola. Kuna rola nyingine ndogo unayoipandisha au kuishusha kuamua nyasi zibaki urefu gani. Zilizokatwa zinarushwa mbele ndani ya sanduku. Upana wa kukata ulikuwa inchi 19. Ukitaka kujua mtu alikuwa na akili kiasi gani, angalia mashine ya kusukuma ya silinda inayouzwa leo. Karibu yote niliyokutajia bado yamo.

Husimuliwa kwamba aliijaribu usiku ili majirani wasimwone wakadhani amerukwa na akili. Huenda ni hadithi tu ya vijiweni. Lakini mimi naipenda, na naiamini kidogo, kwa sababu najua vile mtaa hutazama mtu anayesukuma kitu wasichokielewa.

Mashine ilikuwa nzito. Haraka sana ikaonekana kwamba mtu mmoja hawezi, ikaongezwa mpini wa mbele ili mwingine avute. Na bado, kwenye maombi yake ya hataza, yale makaratasi ya kulinda uvumbuzi, Budding aliandika kwamba waungwana wa mashambani wangeona kuitumia ni burudani na mazoezi ya afya. Nilicheka. Mzee alikuwa anajua kuuza. Alikuwa anawaambia matajiri walipie kazi ya kibarua waiite mazoezi, na ukipita gimu za Nyali jioni utaona bado wanalipa.

Sasa vuta kiti, manake hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa sababu ya deki nikaanza kusoma kwa sababu yetu.

Hataza wakati ule haikuwa mchezo. Ada zake, kupitia ofisi baada ya ofisi, zilipita pauni 100 kwa Uingereza peke yake, na Scotland ilikuwa na yake tofauti. Fundi wa kuitwa hana pesa hizo. Aliyekuwa nazo ni John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma huko Thrupp, karibu na Stroud. Tarehe 18 Mei 1830 wakaandikiana mkataba. Ferrabee alibeba gharama za kuikuza mashine na za hataza. Naye akapata haki ya kuitengeneza, kuiuza, na kuwapa watengenezaji wengine leseni. Tarehe 31 Agosti mwaka huohuo hataza ikatoka. Budding alikuwa ametimiza miaka 34 siku chache tu kabla.

Usikimbilie kumlaani Ferrabee. Bila yeye huenda ile mashine ingebaki banda la nyuma ikiota kutu. Alikuwa na tanuri, wafanyakazi na wateja. Na leseni ilikuwa hesabu nzuri: badala ya kupigana na wenye viwanda vikubwa, unawauzia ruhusa. Kampuni ya Ransomes ya mji wa Ipswich ilianza kutengeneza mashine hizo mwaka wa 1832, na jina Ransomes lilikuja kuwa kubwa sana kwenye biashara ya nyasi kuliko Budding au Ferrabee wote wawili.

Miongoni mwa wateja wa mwanzo walikuwa bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na vyuo vya Oxford. Msimamizi wa bustani wa Regent's Park alishuhudia kwamba mashine moja inafanya kazi ya watu sita hadi wanane wenye miundu na mifagio. Ilikuwa sifa hiyo, na mashine ilinunuliwa kwa sababu yake. Mimi niliposoma nilihesabu upande wa pili. Sita hadi wanane. Sisi tuko watatu, na kwenye barabara moja tu ninazojua kompaundi kuna vikundi vingine viwili vya slasha. Tukipanda ile mashine, wale tutawapita kwa dakika arobaini. Mmoja wao ni binamu yangu. Sijamwambia bado.

Budding mwenyewe hakukaa kwenye nyasi. Akili yake ilikuwa ya kurukaruka. Alishabuni bastola ya mitutu mingi inayozunguka, na wenye kujua silaha bado wanaitaja. Akatengeneza mashine za kukerezea chuma. Akabuni spana ya kukaza na kulegeza, ile yenye taya linalosogea kwa skrubu hivi kwamba spana moja inashika nati za saizi tofauti. Kila gereji ya Changamwe inayo. Jina ambalo mafundi wetu wameipa, kwa sababu inakubali nati yoyote, nitakuachia ulitafute wewe mwenyewe, mamangu husoma ukurasa huu.

Baadaye alihamia Dursley, mji wa jirani, akafanya kazi na George Lister kwenye mashine za kuchambua sufu kabla haijasokotwa. Huyo Lister alikuwa na mtoto, Robert Ashton Lister, ambaye mwaka wa 1867 alianzisha kampuni yake hapohapo Dursley. Kama umewahi kwenda kusagisha mahindi mashambani, ukasikia injini ya posho mili inagonga polepole tuk, tuk, tuk, na juu yake pameandikwa Lister, basi umesikia sauti ya mji alikofia Budding. Dunia ni ndogo kushinda kivuko cha Likoni.

Alifariki mwaka wa 1846 kwa ugonjwa wa kiharusi. Alikuwa na miaka 50. Hataza za Kiingereza wakati ule zilidumu miaka 14, maana yake ile ya 1830 iliisha 1844, na yeyote sasa angeweza kutengeneza mashine ya Budding bila kumuuliza mtu. Aliishi kama miaka miwili tu baada ya hapo. Mashine zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuvutwa na farasi wadogo, wakivalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe nyasi. Hakuona mashine ya mvuke, iliyokuja miaka ya 1890. Hakuona ya petroli, ambayo Ransomes waliitoa 1902. Na hakuona tenisi ya nyasi ya Wimbledon ikianza 1877, mashindano ambayo inasemekana yalianzishwa ili klabu ipate hela za kutengeneza rola yake ya kuvutwa na farasi. Haya yote yalihitaji nyasi fupi kama zulia, na zulia lenyewe lilihitaji silinda yake.

Haya, deki.

Mashine ya Budding haikuwa na deki, na haikuihitaji. Silinda inakata kama mkasi. Kisu kinachozunguka kinakutana na kisu kilichotulia, unyasi unabanwa katikati, unakatika safi. Ndiyo maana mpaka leo ile nyasi fupi kabisa ya gofu, pale penye shimo na bendera, hukatwa kwa silinda, milimita chache tu kutoka ardhini. Lakini silinda ni malkia. Inataka ardhi tambarare, nyasi zisiwe ndefu, na kokoto moja tu ikiingia kati ya visu viwili umeharibu siku. Sasa ilete Mtopanga uone. Hapa pwani ukikwaruza mchanga kidogo unakutana na jiwe la matumbawe.

Mashine tulizoonyeshwa ni ukoo mwingine, wa kisu bapa kinachozunguka kama feni. Hicho hakina mwenzake wa kubana. Kinakata kwa kasi peke yake, yaani ni slasha iliyotiwa injini. Ilibidi kusubiri injini ndogo zenye nguvu, karne ya ishirini, ndipo kikawa cha kawaida. Ncha ya kisu hukimbia sana, na viwango vya usalama vya Marekani huiwekea kikomo cha futi 19,000 kwa dakika, zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Kisu kinachokwenda hivyo ndicho kinachohitaji deki. Kwanza ili jiwe lisimtoe mtu jicho. Pili, na hili sikulijua, ili upepo wa kisu ubaki ndani, uinue nyasi zisimame kabla ya kukatwa, kisha uzitupe nje. Kwa hivyo deki ni nusu ya kukata. Deki mbaya na kisu kizuri, nyasi zitalala na utarudi mara mbili.

Ile nyembamba ya mviringo ni bati moja lililopigwa kwa shinikizo likachukua umbo. Faida yake ni upepo: ndani hakuna pembe, hewa inazunguka vizuri, nyasi zinatoka. Ni nyepesi pia. Ubaya ni unene. Ikigongwa na jiwe mara nyingi inabonyea, na ikianza kuliwa na kutu, kuichomelea ni shida, bati jembamba linatoboka mbele ya moto wa fundi. Hapa hewa ya bahari ina chumvi, na nyasi mbichi zilizogandia chini ya deki hukaa na unyevu usiku kucha. Usipokwangua kila jioni, unailisha kutu kwa mkono wako.

Ile nzito imekatwa kwa vipande vya bamba nene na kuunganishwa. Bamba la geji 10 ni kama milimita tatu na nusu, la geji 7 ni milimita nne na nusu hivi, na zile za kazi ngumu huongezwa bamba jingine pale mihimili ya visu inaposhikilia. Ikipasuka, fundi yeyote wa Kongowea ataishona. Ubaya wake ni uzito, na zile pembe. Mvua za Mei zikishika na nyasi zimelowa, uchafu unajikusanya pembeni, upepo unakufa, na mashine inaanza kuacha mistari ya nyasi ndefu nyuma yako kama kinyozi aliyepigiwa simu.

Nilipomwambia ami hayo yote alitikisa kichwa, akaniuliza kama nimetazama beringi. Sikuwa nimetazama. Akapinduapindua deki ile nzito, akashika kisu kimoja kwa mkono akakitikisa juu chini. Kilicheza. Akanionyesha chuchu ya grisi, imejaa mchanga, dalili kwamba mwenye mashine hakuwa akipiga grisi. Unene wa bamba, akasema, hauna maana kama mhimili umelegea, kwa sababu kisu kitapiga ukuta wa deki chenyewe. Lakini beringi hubadilishwa. Deki iliyooza haibadilishwi, unanunua nyingine, na kwa mashine ya mtumba kuipata ni kuagiza mbali.

Upana nao ulituletea mzozo. Ile nyembamba ilikuwa inchi 60, ile nzito 48. Mwenzetu mmoja akataka 60 kwa sababu unamaliza uwanja haraka. Kweli, kwenye uwanja wa mpira ungemaliza haraka. Lakini kazi zetu nyingi ni kompaundi, na mlango mdogo wa kompaundi hauko kwa ajili ya inchi 60. Juu ya hayo, deki pana kwenye ardhi yenye vilima vidogo inanyoa kilele mpaka udongo unaonekana, na ukoka ukishanyolewa mizizi kwenye jua la Januari, mwenye nyumba hakuiti tena.

Kwa hivyo upande wa deki tulikubaliana: ile nzito ya 48, beringi mpya zote, na bei ishuke kwa sababu ya kile kisu kinachocheza. Ami ameshuka kidogo. Bado tunamvuta.

Lililobaki ni pesa zenyewe, na ndiyo sababu nimekaa na Budding wiki mbili. Hatuna zote. Kuna mteja wetu mmoja, mzee mwenye nafasi yake, amesema atanunua mashine yeye, sisi tufanye kazi, faida tugawane, risiti na mashine zibaki kwa jina lake. Si mtu mbaya, hulipa kwa wakati, na Ramadhani hututumia tende. Wenzangu wanataka nitie sahihi hata leo. Tunakutana naye Jumamosi baada ya alasiri. Kwenye daftari langu nimeandika swali moja tu la kumuuliza, kwa adabu: mashine itakuwa ya nani baada ya miaka mingapi.